Rangi Nazo Zina Uzito

Sisi watu wa pwani tunaipenda picha ya rangi tangu zamani. Ng'ambo ya mkondo, Unguja, televisheni ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa tayari ya rangi, ilhali huku Bara tulisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chetu cha kwanza. Basi si ajabu kwamba tununuapo chombo cha picha, swali la kwanza ni uzuri wa rangi. Aghalabu hatuulizi ni nani anayezibeba rangi hizo.

Swali hilo lilibisha hodi kwetu Bagamoyo baada ya msiba wa bibi yetu. Ilibaki filamu moja tu inayomwonyesha akiimba arusini, amejifunga kanga ya manjano. Wajukuu waliitazama katika PSP, chombo kidogo cha michezo kilichotoka Japani mwaka 2004. Sauti ilitangulia, picha ikichechemea nyuma; wimbo ulikwisha, naye bibi angali akifumbua kinywa. Watoto walianza kucheka. Shangazi hakuvumilia: akaamua kinunuliwe chombo kipya, kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya sare za shule.

Fundi mmoja kijana alituomba tusubiri. Kioo cha PSP kina nukta 480 kwa upana na 272 kwa kimo, yaani nukta 130,560. Kila nukta ikipewa rangi kamili huchukua baiti 4 za kumbukumbu. Picha moja ni baiti 522,240. Na kwa picha 25 kila sekunde, mzigo ni baiti 13,056,000. Katika programu tuliyokuwa tukiitumia, kazi hiyo iliiangukia prosesa ile ile iliyokuwa ikiifumbua filamu. Rangi zikipunguzwa kutoka 16,777,216 hadi 65,536, nukta hutosheka na baiti 2, na mzigo huo hupungua nusu.

Bagamoyo ni mji unaojua habari za mizigo. Katika karne ya 19 wapagazi walitua hapa pembe za ndovu walizozibeba kutoka mbali. Mpagazi aliyelemewa alichelewa. Ndivyo ilivyo kwa prosesa.

Fundi aligeuza mpangilio wa rangi, picha ikaenda sambamba na sauti. Kanga ilibaki ya manjano. Hasara ilionekana mahali pamoja: anga la jioni, lililokuwa likififia taratibu juu ya bahari, sasa lilikuwa na mistari kama ngazi. Shangazi alitazama mara mbili, kisha akasema, "Huyu ndiye mama." Sare zikanunuliwa.

Dawa hii haitibu kila ugonjwa. Iwapo filamu yenyewe imebanwa kwa namna ambayo chombo hakiwezi kuifumbua kwa wakati, kupunguza rangi hakutatosha. Hata hivyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kufungua mkoba, yafaa kwanza kuuliza chombo kimetwishwa nini. Tena, rangi zipunguzwe wakati wa kuonyesha tu. Filamu ya asili isiguswe, ihifadhiwe na rangi zake zote. Wajukuu wa wajukuu hao watakuwa na vyombo vyenye nguvu zaidi, nao wana haki ya kuliona anga lile kama lilivyokuwa.