Likizo ya Juni Kando ya Ruaha

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliondoka na majaruba yetu. Hapa Malolo kitunguu ndicho ada, ndicho bati, ndicho sare ya mtoto. Mfereji wa Mwega, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwatoa wengi wetu kwenye kilimo cha kuangalia mawingu, na msafiri anayenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga mara nyingi amebeba jasho la huku kwetu. Msimu ule maji yalipanda juu ya kingo, yakang'oa miche tuliyoiatika migongo ikiuma, na yalipopungua yaliacha mchanga wa kufika magotini. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha nchini kwa mvua hizo. Sisi tulibaki wazima na nyumba ikabaki imesimama. Nilimshukuru Mungu kwa hilo na ninamshukuru hadi leo, ila marejesho ya kikoba yalikuwa palepale. Mbegu na mbolea tulizinunua kwa mkopo, na wanakikoba wenzangu nao walikuwa wamefikwa na maji yale yale. Ningemwambia nani anisubiri?

Kufika Mei tulikuwa tunakula mara moja, jioni, ili watoto wapate usingizi.

Kaka yake mume wangu ni mvuvi wa Ruaha Mkuu. Alikuja nyumbani na kambale wawili wa kubanika, akakaa, akaangalia sufuria yangu iliyofunikwa bila kitu ndani. "Mama Salome," akasema, "mto umerudi nyuma, lakini umeacha samaki kwenye madimbwi kila upande. Ndoana ninazo, mtumbwi ninao. Sina mikono ya kupara na kubanika. Njooni wote."

Wote maana yake na watoto. Salome alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza, na shule zilikuwa zinafungwa kwa likizo ya Juni. Gaspari alikuwa na minne. Mama mkwe alikwenda Iringa kumuuguza dada yake, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na bibi wa kuwaachia. Jirani yangu, mama mwema kabisa, aliniuliza kwa uchungu: "Unawapeleka watoto kwa mamba?" Nilimjibu kwamba unga haupo, na watoto wangu watakuwa pale nitakapokuwa mimi. Wapo walioona nimefanya kiburi. Hata sasa ninaamini ndivyo ilivyopasa.

Tulibeba turubai, sufuria mbili, chumvi, shoka, panga, jembe na chandarua. Hicho chandarua ndicho kile nilichopewa kliniki nikiwa na mimba ya Gaspari. Siku ile ile tuliyofika, kijana mmoja alikishika, akapima matundu yake kwa vidole, akasema kingefaa kukokota dagaa kwenye dimbwi. Najua njaa inavyosema, na kijana yule alikuwa na njaa. Lakini uvuvi wa chandarua umekatazwa kisheria, kwa sababu unazoa hata vifaranga vya samaki ambavyo vingekuwa kitoweo cha mwakani, na zaidi ya hapo nilikuwa na watoto wawili wa kulala chini yake. Nilikirudisha ndani ya turubai, na baadaye nikampelekea kijana yule bakuli la ugali.

Kambi ilikuwa ya vibanda vichache vya matete chini ya mibuyu. Mkubwa wake alikuwa mzee tuliyemwita Babu. Salome alipomwamkia, "Shikamoo Babu," aliitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha hakumwachia mkono. Aliwachukua wote wawili, mimi nikiwafuata, akawatembeza kambi nzima kabla hatujafungua hata mzigo. Aliwaonyesha mfereji uliochimbika kwenye ukingo, majani yake yamelala pande zote. Hiyo ni njia ya kiboko, akasema. Usiku anapanda kula majani na alfajiri anarudi majini, na akikukuta umesimama kati yake na maji hakuulizi wewe ni mtoto wa nani. Kwa hiyo hapo hapalaliwi, hapachezewi, hapapitwi baada ya jua kuzama.

Akawaonyesha mahali pa kuteka maji. Walikuwa wamechomeka miti mikavu mtoni kwa kubananisha, kuanzia ukingoni hadi maji ya kiunoni, wakafunga na miiba, mamba asipenye. Tulichota ndani ya uzio huo tu, na mtu mzima mmoja alisimama akiangalia maji wakati mwingine anajaza ndoo. Samaki tuliwapara mbali na hapo. Utumbo ulifukiwa shimoni na haukutupwa mtoni, kwa sababu mamba akizoea kula mahali fulani atarudi hapo kila siku, na siku moja atakuta mtu.

Kuna jambo lingine ambalo mimi mwenyewe, mzaliwa wa bonde hili, sikuwahi kulifikiria hadi Babu alipomweleza Salome. Ruaha yetu iko katikati ya mabwawa mawili. Juu kuna Mtera, chini kuna Kidatu, bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake ina megawati 204. Maji ya Mtera yakifunguliwa kwenda kuzungusha mitambo, yanapita hapa kwetu. Mto unaweza kupanda mchana wa jua kali, pasipo hata wingu moja. Kwa sababu hiyo mtoto hakuruhusiwa kukanyaga visiwa vya mchanga katikati ya mto hata vikionekana vikavu namna gani, na vibanda vyote vilikaa juu ya mstari wa takataka za mafuriko. Salome alisimama akautazama mto kwa muda mrefu. Akauliza kama taa za Dar es Salaam zinawashwa na maji haya. Babu akamwambia yamo.

Niseme wazi kile nilichokiona. Watu walidhani watoto watatukwamisha. Lakini taratibu zile zilikuwa zimeanza kulegea kabla hatujafika, maana wanaume wakiwa peke yao huchota maji popote na kulala popote. Walipokuja watoto uzio ulirekebishwa, shimo la utumbo likachimbwa upya, moto ukalindwa usiku kucha kwa zamu. Watu wazima walilindwa na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto.

Mtihani mkubwa ulikuja mapema, wiki haijaisha tangu tufike. Gaspari alishinda ananyong'onyea, jioni akakataa chakula, usiku akawaka moto. Kisha akakakamaa, macho yakapanda juu. Nilipiga kelele, kambi nzima ikaamka. Mama mmoja wa kibanda cha pili alikuja na kipande cha kinyesi cha tembo akitaka tumfukize, maana ndivyo alivyofundishwa na mama yake kwamba degedege hutulizwa. Alikuja kwa upendo, na sikumsukuma. Lakini Babu alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hiyo ni malaria imepanda kichwani. Mtoeni sasa hivi."

Shemeji alinipakia kwenye baiskeli na mtoto kifuani, mume wangu akitangulia na tochi kwa sababu ya tembo, wanaovuka barabara usiku kwenye eneo lile. Salome alibaki na yule mama wa kibanda cha pili. Barabara kuu ya Zambia haiko mbali na mto. Magari kadhaa yalipita bila kusimama, na siwalaumu madereva, usiku porini si mahali pa kusimama hovyo. Lori lililokuwa linarudi Dar es Salaam likasimama. Dereva hakuuliza nauli. Alishuka akanipokea mtoto, nikapanda, akaendesha hadi hospitali Mikumi, na mtoto alipopokelewa aliondoka kabla sijamuuliza jina. Namwombea kila Jumapili bila kulijua.

Walimpima kwa kipimo cha haraka, kikasoma malaria. Alichomwa sindano za artesunate, akapewa na maji ya sukari kwenye mshipa, na kabla ya jioni ya siku iliyofuata aliniomba uji. Alipoweza kumeza alianzishiwa vidonge vya mseto. Muuguzi alinielekeza vizuri: dozi ya pili zikipita saa nane tangu ile ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni mpaka siku tatu zitimie, hata kama mtoto anarukaruka, na kila dozi aimeze pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa ishike mwilini. Nikamwambia ninakoishi kwa sasa mafuta ya kambale ndiyo pekee tuliyo nayo kwa wingi. Akacheka, akasema ndiyo hayo hayo.

Nilimuuliza pia lile lililokuwa linanikaba: je, ni mto uliomuumiza mwanangu? Akanieleza kwamba vimelea vya malaria hukaa mwilini kama wiki moja au mbili tangu mbu aume hadi homa itokee. Gaspari aliitoa nyumbani Malolo, kwenye madimbwi ya mafuriko nyuma ya jiko letu, na angeumwa popote ambapo tungekuwa usiku ule. Nililia pale kwenye benchi, na nilipomaliza nilikuwa mwepesi.

Tulirudi kambini. Mume wangu alitaka tumpeleke mtoto nyumbani, nikamwuliza atakula nini huko, akanyamaza. Kuanzia hapo kazi ilikuwa kazi. Wanaume walitega alasiri na kukagua alfajiri, kambale kwenye madimbwi, perege na ningu mtoni. Mimi nilipara, nikachana, nikapaka chumvi, nikapanga kwenye chanja juu ya moto wa moshi mwingi na miali michache. Samaki wa kubanika anahitaji subira. Ukikoleza moto ataungua nje na kuoza ndani. Gaspari aligeuka mfukuza nzi mkuu kwa tawi la mti. Salome alifundishwa na baba yake kufunga ndoana, kuvika mnyoo na kukaa kimya kwenye ukingo wa dimbwi dogo lisilo na kina, baba akiwa ameketi ubavuni mwake. Siku alipovuta perege wake wa kwanza, mdogo asiyezidi kiganja, hakukubali apikwe kwa ajili yake. Alimpelekea yule mama aliyelala naye usiku ule wa ugonjwa. Mama yule alimpokea kwa mikono miwili, akampigia vigelegele.

Tenga la kwanza nililiuza mwenyewe barabarani kwa abiria wa mabasi. La pili lilikwenda kwa mchuuzi wa Mikumi. Shule zilipofunguliwa Julai tulikuwa na gunia la mahindi, na marejesho ya kikoba nilikuwa nimeyapunguza kiasi cha kuweza kuingia kikaoni na kukaa mbele. Yaliyobaki niliyamaliza baada ya mavuno ya vitunguu yaliyofuata, kwenye majaruba tuliyoyasomba mchanga kwa karai.

Salome anauliza kila ifikapo Mei kama tunarudi. Tunarudi, na safari hii jirani yangu naye amesema atakuja na wajukuu zake. Ndiyo maana nimesimama kwenye mkutano wa kijiji kuomba tupewe vibali vya kukata miti ya kujengea uzio wa kuchotea maji katika sehemu zote ambazo familia zinapiga kambi, badala ya kutegemea ule mmoja wa Babu, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri. Mwenyekiti ameliandika kwenye muhtasari. Kikao kijacho nitauliza limefika wapi.