Kanuni Si Msahafu

Konda akisema nauli imepanda juu ya kanuni mpya, sisi wa matatu za Kayole tunanung'unika, tunalipa, basi. Lakini wasee, kanuni si msahafu. Kuna sheria ya 2013: waziri akichapisha kanuni, ana siku 7 za vikao kuifikisha Bungeni. Asipoifikisha, inakufa. Ikifika, kamati ya Bunge ina siku 28 za kuikagua, na inaweza kupendekeza ifutwe.

Shida iko hapa: siku hizo zikiisha kamati haijasema kitu, kanuni inahesabiwa imepita. Yaani kimya chao ni ndiyo. Halafu faini inatupata hapa Jogoo Road.

Kabla ubishane na konda, muulize mbunge wako: hiyo kanuni uliisoma?