Omena ya Kibera na Chakula cha Samaki

Tulipokwenda Nairobi kumzika jamaa yetu, tulilala Kibera, upande wa Makina, kwa wenyeji wetu Wanubi. Jioni mama mwenye nyumba alituandalia ugali na omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, akatuomba radhi kwa uchache wake. "Sheikh, siku hizi twagombea omena na kuku," alisema. Tulidhani ni mzaha. Kesho yake, kule Kawangware, tulimwona muuza vyakula vya mifugo akipakua magunia ya omena, isagwe iwe chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa. Kumbe samaki wa bwawani, ambaye wengi wetu twamdhania kuwa nafuu ya ziwa, naye hulishwa kitoweo kile kile cha maskini.

Je, perege hawezi kulishwa mimea? Aweza, na hapa yatupasa kuungama kosa letu. Tuliwahi kuwashauri vijana wa madrasa yetu, waliochimba bwawa, wawape samaki soya mbichi iliyosagwa. Samaki walidumaa, na fedha walizochanga mama zao zikapotea. Baadaye mtaalamu alitufahamisha kuwa soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe, na sharti ipikwe au ikaangwe kwanza. Tena protini huundwa kwa asidi amino, na 10 kati ya hizo samaki hana budi kuzipata katika chakula chake. Sisi walimu wa chuoni twalielewa hilo upesi: mtoto asiyeijua mim hawezi kuliandika jina la Mtume wetu (s.a.w.), hata akizijua herufi nyingine zote. Soya ina laisini ya kutosha, lakini methionini yake ni haba. Mashudu ya alizeti yana methionini, yakapungukiwa na laisini. Vikichanganywa, kila kimoja humsitiri mwenziwe.

Akina mama wa Kibera hawakuhitaji mtaalamu. Githeri yao, ambayo sisi wa pwani twaiita pure, huweka mahindi na maharagwe katika sufuria moja, na upungufu wa kimoja hujazwa na kingine.

Vijana wameanza upya, kwa soya iliyokaangwa na mashudu, bila omena. Mama zao tumewarudishia nusu ya fedha zao. Nusu iliyobaki bado twadaiwa.