Simba, tumbili na kofi la asubuhi (sehemu ya 6)

Mama zangu, leo naungama. Juzi nimetoka zamu ya usiku, nikamkuta mwanangu wa miaka sita analia, karusha simu chini kisa gemu. Nikamzaba kofi. Alivyolala ndio nikakumbuka.

Utotoni hapa Kilwa Masoko tulikuwa na kibanda cha gemu. Tulilipenda The Lion King, gemu la 1994 lililotokana na filamu ya mwaka huohuo. Majina ya kwetu kabisa: Simba, Rafiki, Pumbaa! Ila hatua ya pili, ile tumbili wanamrushiana Simba, hatukuivuka. Kaka yangu alimalizia pale chenji ya samaki, akachapwa. Na yeye alikuwa analia hivyohivyo.

Ukubwani nikasoma maelezo ya Louis Castle wa Westwood Studios, waliolitengeneza. Kumbe hatua ile waliifanya ngumu makusudi, ili mtu aliyekodi gemu asilimalize upesi. Sisi tukadhani ni ujinga wetu.

Mwanangu alipoamka nikamwomba radhi. Tukacheza wote nusu saa. Nilishindwa vibaya, akanicheka, tukazima.

Sisemi mwachieni simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini. Kikomo wekeni. Ila akilia, kaa naye kwanza umuulize amekwama wapi.

Kesho tutaongelea homa za usiku, inshallah.