Kompyuta ya Mifumo Miwili Iliyotuvusha

Mwanangu wa pili alimaliza kidato cha sita kwa pesa iliyotoka kwenye kompyuta kuukuu ya mezani iliyopo sebuleni kwetu, hapa Rubya, wilayani Muleba. Kompyuta hiyo ina mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, ndani ya diski moja. Ingekuwa na mmoja tu, kazi ingekufa mwaka uleule tulioihitaji kuliko wakati wowote. Nalishuhudia hili kwa sababu wapo wengi wenye mashine kama yangu, ambao fundi amewaambia dawa ni kufuta kila kitu au kununua nyingine.

Nyumba nyingi za Wahaya huishi kwa kibanja: migomba, na mibuni chini ya migomba. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa bakteria uliingia mkoani kwetu, Kagera. Mgomba unaougua hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina unakuta ute wa manjano ukichuruzika. Hakuna dawa ya kupuliza. Unang'oa na kufukia. Tuling'oa mpaka kibanja kikabaki na mapengo, na kahawa nayo bei yake haipangwi Muleba. Mume wangu, aliyekuwa mhasibu wa shule, akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika ili jioni achape mitihani ya shule za jirani. Baadaye akapata kiharusi. Mkono wa kulia na ulimi vikakataa. Alitibiwa, akarudi nyumbani akiwa hai, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku, lakini mshahara ulikoma.

Mimi nilijua kuchapa tangu enzi za taipureta. Sikuweza kumwacha kitandani nikapange chumba mjini Muleba, kwa hiyo kazi ikaja nyumbani. Rubya haikosi watu wa karatasi. Kuna hospitali, kuna chuo cha afya, kuna seminari ile aliyosoma Kardinali Laurean Rugambwa akiwa kijana. Nilichapa ripoti za wanafunzi, barua za maombi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Zaidi ya hayo yote nilitunza hesabu za vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa. Hizo ndizo zilizoniamsha usiku. Hisa, mikopo, riba, faini za waliochelewa kikaoni, vyote vilikuwa humo. Mama anayeweka pesa ya senene na ya maharage kidogo kidogo anataka kuikuta mwisho wa mwaka, na mwenye kuonyesha ni mimi.

Kisha flashi ya mteja ikaja na virusi. Anayefanya kazi ya kuchapa anavijua vile: unafungua flashi, folda zote zimegeuka shotikati, zina kamshale kadogo pembeni. Ukibofya, unaviamsha zaidi. Vikahamia kwenye diski, na folda ya vikundi ikatoweka machoni. Fundi niliyempelekea aliangalia, akatikisa kichwa. "Mama, nikupigie window mpya. Lakini vya ndani uvisahau." Bei yake haikuwa kubwa. Kilichonishinda ni hayo maneno ya mwisho. Nikamwambia naomba nikafikiri, nikaibeba kompyuta nikarudi nayo.

Krismasi ile mtoto wa kaka yangu alikuja kutoka Dar es Salaam, anakosomea mambo ya kompyuta. Alipoona naandika hesabu kwenye daftari kwa kukumbuka, aliuliza, nikamweleza. Akasema, "Shangazi, waitu, usikubali mtu afute. Vitu vyako vipo, vimefichwa tu." Akatoa mfukoni flashi yenye Linux Mint. Alikuwa ameipakua chuoni, faili la karibu GB 2, ambalo kwa bando langu ningelilipia pesa ya chakula cha siku nyingi. Akaichomeka, akawasha mashine huku akibonyeza F12 ili ianze na flashi badala ya diski. Mfumo mzima ukafunguka ndani ya RAM, diski haijaguswa. Akafungua diski yangu. Folda ya vikundi ilikuwa pale. Ilikuwa pale, na kila faili ndani yake.

Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Alinieleza taratibu huku ananakili vitu kwenye diski ya nje. Virusi vile havikuwa vimefuta chochote; vilizibandika folda alama inayoiambia Windows isizionyeshe. Kuna amri za kuziondoa alama hizo ndani ya Windows yenyewe, lakini virusi vikiwa bado vinatembea humo vinazibandika tena. Linux haiijali alama hiyo, na programu ya virusi iliyoandikwa kwa ajili ya Windows ikifika kule ni faili lisilo na kazi, unalichagua na kulitupa.

Hapo ndipo aliposema kwamba mifumo yote miwili inaweza kukaa pamoja. Sikuamini. Nilidhani Linux ni kitu cha mabenki na maabara. Akaniambia ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuigawa bila kulipia leseni. Akaniambia pia kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, zilizotokana na kazi hiyohiyo ya watu kushirikiana. Nilijiuliza kwa nini habari hiyo haikutufikia sisi tunaochapa barua vijijini. Najiuliza hadi leo.

Kugawa diski kuliniogopesha kuliko virusi. Diski ilikuwa ya GB 320. Ilibidi Windows isogezwe, ipunguziwe nafasi, na nafasi iliyoachwa apewe mwenzake. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza, unaweza kupoteza vyote. Na huku kwetu umeme unakatika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera ilitoka Uganda, kwa njia inayopita Masaka, na Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi sana duniani. Mvua ikinyesha Rubya hainyeshi kimya. Kijana hakuharakisha. Kwanza alihakikisha nakala ya kila kitu ipo nje. Pili akaazima UPS, ile betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika. Tatu akasubiri asubuhi yenye mbingu safi. Windows ikapunguzwa kwa kutumia chombo chake yenyewe, kisha Linux ikawekwa kwenye nafasi iliyo wazi. Akatenga sehemu ya tatu ya mafaili ya kazi tu, kwa muundo wa NTFS ambao mifumo yote miwili inausoma na kuuandika. Hiyo sehemu ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kazi haikai ndani ya mfumo wowote, inakaa kando, na mfumo wowote ukianguka kazi haianguki nao.

Tangu siku hiyo, mashine ikiwashwa inatokea orodha ya kuchagua mfumo, nayo inasubiri sekunde kumi. Mume wangu huketi karibu na meza. Kwa mkono wa kushoto alijifunza kubonyeza mshale wa chini na kitufe cha kuingiza, nami nikimwuliza "leo upi?" ananichagulia. Daktari alikuwa amemwagiza auzoeze mkono huo kwa kazi ndogondogo. Ikawa kazi yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumnyang'anya.

Nilibaki na yote miwili kwa sababu kila mmoja ulikuwa na lake. Printa yangu ilikuja na programu ya Windows pekee. Fomu za matokeo za shule moja zilikuwa na makro ambazo LibreOffice, programu ya ofisi niliyoitumia kwenye Linux, haikuziendesha sawasawa. Hizo nilizifanyia Windows. Flashi za wateja nilizifungulia Linux tu, zote bila ubaguzi, hata ya padre. Hesabu za vikundi nazo zilihamia Linux.

Kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Nikitoka Linux na kuingia Windows, saa ilirudi nyuma. Ni saa mbili usiku, mashine inasema saa kumi na moja jioni. Risiti za vikundi zikawa na saa zisizolingana, na kwa mambo ya pesa hilo linatosha kuleta maneno. Nilidhani ni betri ndogo ya ndani. Haikuwa betri. Linux huitunza saa ya mashine kwa wakati wa kimataifa, kisha inaongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki inapokuonyesha. Windows huichukua saa ileile kama ilivyo, ikidhani ndiyo ya hapa. Tofauti ni saa tatu kamili, kila mara. Amri moja ya timedatectl iliiambia Linux iitunze saa kwa wakati wa hapa, na ugomvi ukaisha. Furaha niliyoipata kwa kuelewa hilo sikuwa nimeipata tangu nikiwa darasani.

Jaribu kubwa lilikuja mwisho wa mwaka uliofuata, wakati wa mgao wa pesa za vikundi. Radi ilipiga, umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Nilipowasha kesho yake, Windows ilizunguka na kuzima, ikazunguka na kuzima. Zamani huo ungekuwa mwisho. Nikachagua Linux, ikafunguka, na sehemu ya kazi ikafunguka nayo. Mgao wote niliufanyia huko, nikahifadhi karatasi kwa PDF, nikapeleka kwenye duka la kudurufu kuprinti. Kina mama walipokea pesa zao siku iliyopangwa, na hakuna aliyejua kwamba nusu ya mashine ilikuwa imelala. Sehemu yangu ya mgao, maana nami niliweka humo, ikaenda shuleni kwa mwanangu, ambaye alikuwa amekwisha kuandikiwa barua ya ada.

Fundi mwingine akaja kuifufua Windows. Akaiweka upya kwenye sehemu yake, kazi safi. Lakini tulipowasha, ile orodha haikutokea. Windows inapowekwa upya huandika kiwashio chake mwanzo wa diski, juu ya kile cha Linux kiitwacho GRUB. Linux ilikuwepo nzima ila haikuwa na pa kuingilia. Nikampigia kijana simu. Yuko Dar, mimi Rubya, mtandao unakatika, naye ananisomea herufi moja moja: washa kwa ile flashi, fungua dirisha jeusi, andika sudo, acha nafasi, mount, acha nafasi, mkwaju, dev, mkwaju, sda3, acha nafasi, mkwaju, mnt. Nilimrudishia kila neno kabla ya kubonyeza, kwa sababu alinionya kwamba sda ni diski nzima na sda3 ni sehemu moja, na kuchanganya hizo mbili si jambo dogo. Mwishoni ikawa grub-install. Mashine ikajibu kwamba imemaliza, hakuna kosa. Tukawasha upya. Orodha ikatokea, na mume wangu akanyoosha mkono wa kushoto.

Windows 7 tuliyokuwa nayo iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Sasa zamu imefika ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Muleba na Bukoba hazifikii hapo. Walimu wananiletea. Wauguzi wananiletea. Wanakuja wakisema wameambiwa ni chuma chakavu, nami nawaonyesha ya kwetu, ambayo ni kuukuu kuliko zao na inafanya kazi.

Namwambia kila mmoja mambo yaleyale. Asitupe Windows kama kuna programu ya kazini inayomlazimu. Aitumie kwa hiyo tu, na intaneti aiendee kwa Linux. Kwenye Windows 10 azime ile namna ya kuwaka haraka, maana ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa, inaishikilia diski, na Linux itakubali kusoma lakini itakataa kuandika. Nenosiri la mashine alijue yeye, si fundi peke yake. Aje na diski ya nje ya kuhifadhia nakala, kwa sababu bila nakala sigusi diski ya mtu. Alete na flashi ya GB 8 iliyo tupu, ambayo ataondoka nayo ikiwa na Linux ndani, aiweke mahali anapopakumbuka. Na aje asubuhi, kabla mvua haijaanza.