Magunia Mawili ya Mwisho

Akina mama wenzangu, mkulima wa korosho huku kwetu Mtwara hahangaiki na gunia la kwanza. Hilo lina wenyewe: vibarua wa palizi, waokotaji, daftari la dukani. Linalokosesha watu usingizi ni gunia la mwisho.

Desemba 2022 sisi tulibakiwa na mawili, kama kilo 160 hivi. Mengine yalikwisha kwenda chama cha msingi. Haya yalilala chumbani juu ya mbao, mbali na ukuta. Mume wangu akasema, "Mama watoto, haya tuyangoje. Mwisho wa msimu wanunuzi hugombania." Mimi nilikuwa na orodha mkononi: godoro, sare, viatu, ndoo. Binti yetu alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari, tena bweni. Ada ya shule za Serikali imefutwa, lakini godoro halijafutwa.

Hamu ya kungoja ina sababu, wala sitawacheka wanaume. Tangu mwaka 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Korosho inakusanywa ghalani, inapigwa mnada, na wakulima wenyewe ndio wanaoikubali bei au kuikataa. Msimu wa 2017/18 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wakulima walizikataa bei za minada ya kwanza, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kuinunua korosho kwa shilingi 3,300, jeshi likaisomba. Tangu hapo kila mwenye gunia chini ya kitanda anauota mwaka wa namna ile.

Lakini korosho si dhahabu. Mvua za huku Mtwara huanza Novemba au Desemba, na unyevu ukiingia gunia, punje hupiga madoa na ukungu. Hapo unaanika upya, unachambua, na hata hivyo mpimaji anaweza kukushusha daraja la pili. Tena wanunuzi wetu wakubwa ni wa India na Vietnam. Wao huja kwetu kwa sababu tunavuna wakati Afrika Magharibi hawana kitu. Kuanzia kama Februari wenzetu wa huko nao huanza kuvuna. Dirisha letu ni fupi, jamani.

Usiku ule tulipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Nilimwuliza, "Baba, unatarajia ipande kiasi gani?" Akasema labda shilingi 100. Mia moja mara 160 ni shilingi 16,000. "Na tukishushwa daraja?" Alinyamaza. Sote tulijua kwamba hapo hatuzungumzii mia moja tena. Aliongeza kuwa fedha za mnada nazo haziji siku hiyo hiyo, hupitia benki. Basi tukingoja mnada wa Januari, mtoto atakuwa amekwisha kwenda shule na begi tupu.

Kesho yake jioni, kana kwamba amesikia, akaja kijana na pikipiki. Hawa tunawaita wa kangomba: hununua kwa kificho, fedha taslimu, kwa kipimo kinachozidi kilo. Alimkuta mama mkwe barazani. Mama ameyaona mengi, alimtazama tu yule kijana, kisha akanigeukia: "Mwanangu, fedha ya huyu ni ya leo, lakini bakuli lake halina haya." Kijana akawasha pikipiki.

Asubuhi tukayapeleka magunia chamani, ila debe moja tulilibakiza nyumbani. Mume wangu ndiye aliyeyabeba kwa baiskeli, safari mbili, wala hakununa. Yalipimwa, yakapewa daraja la kwanza, tukarudi na stakabadhi yetu. Fedha ziliingia kabla ya mwaka mpya, na godoro likanunuliwa mjini.

Mnada uliofuata bei ilipanda kwa shilingi 40. Mume wangu alikuja na habari hiyo akiwa mzito kidogo. Nikamletea daftari lile lile, akazidisha mwenyewe, akapata shilingi 6,400 na kidogo pungufu kwa ajili ya lile debe. Akacheka, akauliza kama chai ipo.

Debe lenyewe tulilikaanga Krismasi. Mama mkwe alibangua karibu nusu yake peke yake, vidole vimemwiva kwa mafuta ya maganda, huku akimfungia binti yetu punje za kwenda nazo bweni.