Weupe wa Upinde

Nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, seremala mmoja mzee alinipa kipande kirefu cha mti wa myuu, alichokuwa amekikausha kwa miaka minne. Nilikuwa nimemsimulia habari za marehemu babu yangu, aliyelisha watoto wake kwa upinde, naye akataka nichonge wangu.

Kipande kile kilikuwa na rangi mbili. Ndani kilikuwa chekundu, kigumu. Nje, chini ya gome, palikuwa na tabaka jembamba jeupe. Mimi nilipendezwa na wekundu, nikadhani weupe ni taka. Kuuliza si ujinga, lakini kiburi cha ujana kilinizuia kuuliza. Nilitwaa kisu, nikaukwangua weupe wote, na nyuzi za mti nikazikata ovyo. Nilipotia upote na kuvuta, upinde ulilia mara moja, ukavunjika mgongoni.

Mzee hakunikaripia. Aliviunga vipande viwili mkononi mwake, akanieleza. Upinde uvutwapo, tumbo lake, yaani upande umwelekeao mpigaji, hubanwa. Mgongo wake hunyoshwa. Wekundu wa myuu hodari wake ni kustahimili kubanwa. Weupe wake, kustahimili kunyoshwa. Mti mmoja umekusanya tabia mbili, na mimi nimeitupa moja.

Baadaye nilikwenda Portsmouth kutazama pinde za Mary Rose, merikebu ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Pinde nzima zaidi ya 130 zilipatikana, nyingi zikipita kimo cha mtu. Mafundi wake waliujua weupe, wakauacha mgongoni. Walijua pia thamani ya mti: sheria ya mwaka 1472 iliwalazimisha wafanyabiashara kuleta Uingereza vipande vinne vya kuchongea pinde kwa kila tani ya shehena, na misitu ya Ulaya ikakatwa hata miti mizuri ikawa adimu. Nilisimama pale nikaona haya. Miaka minne ya subira ya mwenzangu niliiharibu kwa alasiri moja.

Kibanzi kimoja cha upinde ule kipo mezani pangu hata leo. Kila nikutanapo na jambo nisilofahamu faida yake, hukitazama kwanza kabla ya kutwaa kisu.